Ekzosi ya Shemeji

Kabla hujauliza, ndiyo, nilimwonea mdogo wangu wivu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Wewe pia ungemwonea. Ungekaa kwenye kibanda changu pale Kisumu Ndogo, omena, dagaa wetu wa ziwani, umezimwaga juu ya gunia, mchana umetulia, halafu usikie ule mngurumo ukianzia mbali huko upande wa Ayany. Ulianza mdogo, kama mtu anayesafisha koo, kisha ukaja, ukaja, mpaka sufuria za jirani zikatetemeka kwenye misumari. Wateja wangu waliacha kuchagua omena wakageuza shingo. "Shemeji yako huyo anakuja," walinieleza, kana kwamba mimi sina masikio.

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wangu. Wao walikaa Kawangware, sisi Kibera. Yeye alikuwa mtu wa kwetu, wa ziwani, dereva aliyejifunza ufundi kwa kulala chini ya magari ya watu. Mume wangu mimi alikuwa Mkamba wa Machakos, fundi wa vyuma, mtu wa kuchomelea mageti na majiko, na anapokosa kazi ya kuchomelea anabeba mizigo ya watu. Wanaume hao wawili walinunua pikapu zao mnadani siku moja. Zote za dizeli, zote nyeupe, zote zimechoka. Zilikuwa mapacha. Ungeziegesha pamoja, mimi mwenyewe ningelazimika kutazama namba ili nijue yetu ni ipi.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Kama shemeji angenunua gari zuri kuliko letu ningenyamaza, ningesema Mungu amempa. Lakini tulianza sawa.

Siku hizi nasikia vijana wakizungumzia chipu, kwamba unampa fundi gari, anachomeka kidude kwenye kompyuta yake, dizeli inapata nguvu ambayo haikuwa nayo. Miaka ile ya tisini kompyuta ya pikapu ilikuwa bisibisi na sikio la fundi. Kawangware, nyuma ya soko, kulikuwa na uwanja wa mafundi, ardhi yote nyeusi kwa oili, na hapo ndipo shemeji alipolitengeneza gari lake kidogo kidogo kama mtu anayejenga nyumba. Kwanza aling'oa sailensa, kile kikopo kinachomeza kelele ya ekzosi. Alitaka moshi utoke bila kuzuiwa, akaweka bomba moja pana lililonyooka kutoka kwenye injini mpaka nyuma, mdomo wake unaingia ngumi. Kisha fundi wa pampu akafungua ile skrubu inayopima dizeli, injini ikaanza kunywa zaidi. Mwisho akapata turbo ya mtumba, ile feni ya kuisukumia injini hewa, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka, wakaifunga, ikawa inapiga mluzi.

Nguvu ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Alikuwa akipanda mlima na magunia yale yale yaliyokuwa yakimfanya abadilishe gia mara kwa mara, sasa anaupanda kama hana kitu nyuma. Watu wa soko wakaanza kumtafuta yeye tu. Mdogo wangu akawa anakaa mbele, mkono dirishani, miwani ya jua usoni hata siku ya mawingu. Alipofika kwangu hakushuka mara moja. Alingoja injini ingurume kidogo, watu watazame, ndipo afungue mlango.

"Sister, niaje!" alipaza sauti.

"Poa," nilimjibu, nikiendelea kupima omena.

Alikuwa na sauti kubwa tangu utotoni, na kazi yake ya kuuza mitumba ikaikuza zaidi, maana pale soko la Kawangware usipoita wateja, jirani yako anawaita. Mimi sikuwa na sababu ya kupiga kelele. Omena zinajiita zenyewe kwa harufu.

Halafu mama akaja.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na miguu ya mama ilianza kuvimba. Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa na kazi ya kudumu kwenye bohari moja Industrial Area na nyumba yenye maji ya mfereji kule Olympic, akamleta atibiwe. Alikaa kwa kaka, hilo halikuwa na mjadala. Kwetu mama halali nyumbani kwa mkwe wake wa kiume. Hata awe na miguu ya kuvimba, hata nyumba ya binti iwe kubwa kuliko ya mwana. Anaweza kuja mchana, akae kidogo, lakini kulala, hapana. Na Wakamba nao wako hivyo hivyo. Ni jambo moja ambalo watu wangu na watu wa mume wangu hawakuwahi kubishania: mkwe unamheshimu kwa kukaa naye mbali.

Kwa hiyo sisi mabinti tulikuwa wa kwenda Olympic kila Jumapili baada ya kanisa. Nilimkosa mama kwa miaka. Nilimpikia, nikambebea chakula kwenye hotipoti iliyofungwa kwa leso, nikaketi karibu naye kwenye kochi. Nilizungumza naye jinsi tulivyofundishwa kuzungumza na mama, taratibu, macho chini. Nilimweleza habari za watoto, za biashara, za jinsi nilivyomwota baba. Mama alitazama mlango. Wakati mwingine alitikisa kichwa, mahali ambapo hapakuhitaji kutikiswa kichwa. Wakati mwingine alichukua kikombe changu kabla sijamaliza chai akampa wifi, mke wa kaka, akapeleke jikoni, kana kwamba nimeaga.

Kisha nje ungesikia ule mngurumo. Mama alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Mdogo wangu aliingia mikono mitupu, hakuleta hata ndizi, akapiga ukelele kutoka mlangoni, "Mama! Umeamkaje, Mama!" na uso wa mama ukafunguka. Alicheka mpaka machozi. Wakazungumza habari za soko, za mwanamke aliyenunua koti akakuta dawa za mtu mfukoni. Mimi nilikaa pale na hotipoti yangu.

Nilijua sababu, au nilidhani ninaijua. Mama hakupenda nilipoolewa na Mkamba. Hakusema, lakini siku nilipomleta nyumbani aliwapikia wageni wote na hakutoka jikoni. Nikasema moyoni, kumbe bado. Miaka yote hii, wajukuu wanne, na bado ananinyima hata neno. Na yule aliyeolewa na mtu wa kwetu, mwenye ekzosi ya kutetemesha sufuria, ndiye binti. Nilikuwa nikirudi nyumbani kupitia njia ya reli nimekunja uso, na watoto walijua wasiniombe kitu Jumapili jioni.

Uvimbe wa miguu ulipopungua, mama akasema sasa anataka kwenda kwake. Kaka akatuita sote. Alikuwa amenunua mabati na mbao za kuezeka upya nyumba ya mama, na yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa kazini.

"Tutatumia pikapu zote mbili," kaka alisema. "Moja ibebe Mama, ingine ibebe mabati."

Mimi na mdogo wangu tulitazamana.

"Gari yetu iko na nguvu," mdogo wangu akasema. "Ile milima ya kwenda Kericho, wachana nayo."

"Yenye nguvu si ndiyo inafaa kubeba mabati?" nikamjibu.

Kaka alikuwa mtu wa kuepuka kesi. Akasema mama mwenyewe atachagua asubuhi ya safari.

Naomba uelewe nilichokuwa nakipigania. Halikuwa jambo la gari. Pikapu hizo zina kiti kimoja kirefu mbele, cha watu watatu. Mama hawezi kukaa bega kwa bega na mkwe, ni aibu kwa wote wawili, kwa hiyo binti lazima akae katikati awe ukuta. Maana yake ni kwamba mmoja wetu angekaa siku nzima, kutoka Nairobi mpaka ziwani, bega lake likigusa bega la mama. Mama hangeweza kutazama mlango wala kunipokonya kikombe. Ningemuuliza amenikasirikia nini, na angenijibu kwa sababu hakuna pa kwenda. Nilitaka siku hiyo moja. Aliyeshindwa angefuata nyuma na mabati.

"Baba watoto," nilimwambia mume wangu jioni ile, "na yetu pia tuifungue. Tutoe sailensa, tuweke bomba kama la shemeji."

Alikuwa anakula. Alitafuna kwanza, maana hakuwahi kujibu na chakula mdomoni.

"Nguvu, sawa," akasema. "Nitaongeza. Lakini kelele, hapana. Huyo ni mkwe wangu. Kwetu hata kicheko chako mkwe hafai kukisikia sana. Sasa nimpigie ngurumo hadi ziwani?"

Nilibisha. Kisha nikafikiri vizuri, nikaona ana akili kuliko nilivyodhani. Mama ni mgonjwa wa miguu. Ni mzee. Nani anataka kutikiswa na bomba siku nzima? Tungempa nguvu ile ile ya shemeji, lakini kwa utulivu wa gari la waziri. Angekaa ndani mara moja tu na kujua binti yupi ana heshima. Usiku ule nililala nikitabasamu, na kusema kweli nilikuwa nikiufikiria uso wa mdogo wangu kuliko miguu ya mama.

Tulikwenda Kawangware kwa fundi yule yule wa pampu. Nilikwenda mwenyewe, sikutaka kudanganywa.

"Sasa, mathe," fundi akaniambia, "ya shemeji yako niliifungua poa sana. Yenyu mnataka aje?"

"Pita ya shemeji."

"Nikipita hapo itatoa moshi mbaya."

"Wacha itoe."

"Moshi hapana," mume wangu akasema nyuma yangu. "Fungua kiasi. Injini isikie raha, na mtu ndani asisikie kitu."

Fundi akanitazama kwa huruma, akachukua bisibisi. Alizungusha skrubu kidogo, akasikiliza, akazungusha tena, akasikiliza. Alipomaliza nikaketi mbele na tukajaribu ile barabara ya kupanda, na pikapu yetu ikaenda, jamani. Ilikwenda mpaka nikapiga dashibodi kwa kiganja.

Kazi ya ekzosi mume wangu hakumpa mtu. Aliifanya mwenyewe jioni baada ya jioni, mbele ya nyumba, majirani wakiruka waya za mashine. Alitengeneza bomba pana kama la shemeji, maana nguvu inataka pumzi, lakini katikati akachomelea sailensa mbili badala ya moja, akazijaza sufi ya chuma, akazifunga kwa bolti, na kila mahali bomba lilipogusana na bodi akaweka mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Hata mlango aliupigia raba usigonge. Alipowasha, ilibidi uweke mkono kujua kwamba imewaka. Jirani mmoja alisimama pembeni yake akaiegemea, akashtuka.

"Kwani iko on?"

"Iko," mume wangu akasema, na ilikuwa nadra kumwona akijivuna.

Mimi nilishona mto wa kiti. Kitambaa cha maua, ndani pamba ya godoro, pana kiasi cha kumtosha mama. Nikauweka kwenye kiti, upande wa dirisha. Nikajaribu kukaa katikati, miguu upande mmoja nisizuie gia, bega la kushoto wazi. Nilikaa hivyo kwa muda injini ikiwa imezimwa, na watoto wakachungulia wakacheka.

Asubuhi ya safari pikapu zote mbili ziliegeshwa mbele ya nyumba ya kaka pale Olympic, zile mapacha, mabati na mbao bado chini yakingoja kujua yanakwenda wapi. Majirani walitoka na miswaki mdomoni. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye usukani, injini inanguruma kimya kimya, macho mbele kwa heshima. Shemeji naye alikuwa kwenye usukani wake, na yeye hakuona haya kukanyaga mafuta, moshi mweusi ukapanda mpaka kwenye kamba za nguo za watu.

Mama alitoka akishikwa mkono na kaka. Alikuja kwetu kwanza. Nilifungua mlango, nikampangusia mto ambao haukuwa na vumbi, nikamwambia kwa upole, "Karibu, Mama, kaa hapa, nimekushonea."

Mama akautazama mto. Akamtazama mume wangu pale kwenye usukani. Kisha akamgeukia kaka.

"Hili mbona hawaliwashi?"

Watu walicheka, jamani. Walicheka mpaka yule wa mswaki akatema povu. Mdogo wangu alicheka kuliko wote, ameshika kiuno. Walidhani mama anafanya mzaha, na mimi pia nilidhani, ila niliujua mzaha huo unamlenga nani. Kulikuwa na mkwe asiye wa kwetu kwenye usukani, na kwa mama hilo lilikuwa gari lisilowaka hata likiwaka. Mume wangu hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele.

Mama akaenda kwenye la pili. Shemeji akakanyaga. Mama akasimama, akaweka kiganja kifuani, akatabasamu.

"Hili linakwenda," akasema. "Nitapanda hili."

Basi tukapakia mabati.

Sitaki kuieleza sana njia ile. Tuliwafuata nyuma, Limuru, tukashuka bonde, Naivasha, Nakuru, na muda wote nilikuwa naona kupitia kioo chao cha nyuma vichwa vitatu, na cha mdogo wangu kinageuka upande wa mama, kinarudi, kinageuka tena. Walikuwa wanazungumza. Nani mwingine angeweza kuzungumza ndani ya kelele ile ila yeye? Moshi wao ulitujia usoni. Mimi nilikaa katikati, mahali nilipojizoeza kukaa, sikusogea dirishani. Mto wa maua ulikuwa hapo pembeni mtupu.

"Wapite," nilimwambia mume wangu kwenye mwinuko mmoja. "Tuko na nguvu. Wapite, nao wale vumbi."

"Mbele kuna mkwe," akasema. "Mkwe hapitwi."

Nililia kidogo. Alijifanya hajaona.

Baada ya Salgaa njia inapanda bila huruma mpaka Mau Summit, na malori yanatambaa. Hapo ndipo ile pampu iliyofunguliwa bila kiasi ilipodai haki yake. Tuliona moshi mweusi ukichanganyika na mweupe, kisha shemeji akatoka barabarani. Boneti ilipofunguliwa mvuke ukamrukia. Injini ilikuwa imechemka. Akaizima, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kukawa kimya.

Sitaficha, nilifurahi. Nilishuka nikitembea polepole ili nisionekane ninafurahi.

Ilikuwa baridi. Mama alishushwa akaketi kwenye jiwe pembeni, akitazama bonde, anapuliza viganja. Nilimimina chai kutoka kwenye thamosi yangu, nikamwendea kwa nyuma.

"Mama," nikamwita. "Chai."

Hakugeuka.

"Mama."

Akavuta leso mabegani. Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Nilikuwa tayari, kwa hasira, kukiweka kikombe chini na kurudi garini.

Mume wangu wakati huo alikuwa amepanda nyuma anakaza kamba za mizigo. Spana kubwa ikamponyoka ikaangukia mabati. Unajua mabati yakipigwa na chuma. Ile kelele ilipasua hewa. Shemeji aligonga kichwa kwenye boneti, mdogo wangu akaruka, mimi nikamwaga chai yote kwenye kiatu changu.

Mama hakutikisika. Aliendelea kupuliza viganja, anatazama bonde.

Nilisimama na kikombe kitupu. Nikamkumbuka wifi, jinsi alivyokuwa akimwita mama kwenye chakula kwa kumgusa bega, nasi tukamsifu kwamba ana adabu. Nikakumbuka vile vichwa vilivyotikiswa mahali pasipostahili. Nikakumbuka, "Hili mbona hawaliwashi?"

Nikazunguka nikapiga magoti mbele yake kwenye majani yenye baridi, uso kwa uso, na nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mama yangu maishani. Nikampigia kelele.

"MAMA! UNANISIKIA?"

Mama akashtuka. Akanitazama kana kwamba nimetoka ardhini.

"Nakusikia," akasema.

"UNANIKASIRIKIA NINI?"

Lori lilikuwa linapita, utingo wake akatoa kichwa dirishani kututazama. Sikujali. Mama aliniweka mkono shavuni.

"Mimi?" akasema. "Wewe ndiye hujanisemesha tangu nije Nairobi. Kila Jumapili unakaa karibu nami unachezesha midomo tu, macho chini. Nikasema mwanangu ananinung'unikia. Nikasema ni ile siku ya jikoni, hajanisamehe."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, mdomo wazi. Hakujua, namwamini. Yeye hupigia kelele kila mtu, hata mtoto aliyelala.

Mama akatuambia, taratibu, kwamba masikio yalianza kuondoka baada ya mazishi ya baba. Vitu vinene alivisikia, ngoma, radi, gari la shemeji, hivyo vinamwingia kifuani. Vyembamba vilipotea. Hakumwambia mtu, kwa sababu alikuja kutibiwa miguu, na kama angetaja na masikio tungemrudisha kwenye foleni ya hospitali, na yeye alitaka kufia kwake, si kwenye foleni.

Mume wangu alikuwa amesikia yote. Kwa heshima hakusogea. Alishuka nyuma, akachukua spana ile ile na gunia la kushikia bomba la moto, akalala chali chini ya pikapu yetu. Nilisikia bolti zikilegea. Akatoka na sailensa ya kwanza, moshi ukimpanda mikononi, akaitupa juu ya mabati. Akarudi chini akatoka na ya pili. Kazi ya jioni zote zile. Akajipangusa, akapanda kwenye usukani, akatazama mbele, na akawasha.

Jamani, sijawahi kusikia kitu kama hicho. Ndege walitoka mitini. Shemeji mwenyewe aliinua mikono kuziba masikio, na macho yake, naapa, yalikuwa na wivu.

Mama akainuka kwenye jiwe peke yake, bila kushikwa. Akatembea mpaka kwenye mlango wetu, akaweka kiganja kifuani.

"Sasa limewaka," akasema.

Akapanda, akakaa kwenye mto wa maua. Mimi nikaingia katikati kupitia upande wa dereva, mume wangu akinipisha, bega langu kwenye bega lake, tukawaacha wale wawili wakiongeza maji kwenye rediata yao. Niliongea. Niliongea kwa sauti ya soko la Kawangware, nikamrudia kila kitu nilichomwambia Jumapili zile zote, watoto, biashara, ndoto ya baba, na mama akajibu kila kimoja, na palipochekesha alicheka. Alipotaka kumshukuru mkwe wake alinishukuru mimi, nikampelekea mume wangu neno kwa kelele vile vile, akaitikia kwa kichwa bila kutazama upande wetu.

Tulipofika nyumbani jioni sikuwa na sauti kabisa. Wanawake wa boma walikuja kutupokea, nikawa nawasalimia kwa mkono tu. Wakamuuliza mama kama safari ilikuwa njema.

"Njema," mama akasema. "Ila huyu mwanangu anaongea! Amenichosha masikio."

Pikapu ya shemeji ilifika giza likianza kuingia. Mdogo wangu alishuka bila miwani, amekunja uso, akamwona mama ameegemea bega langu kwenye benchi. Niliutambua uso ule mara moja. Nikamsogelea mama zaidi.